Corolla 110 inagonga "ko ko ko": mafundi wawili wanasema imenoki, mmoja anasema tapeti. Nimwamini nani?

Mlalahoi110
Habarini wakuu. Naombeni msaada kabla sijafanya ujinga wa milioni moja na ushee.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, gia otomatiki. Dashibodi inasoma kilomita 214,000, na aliyewahi kununua mtumba anajua hiyo namba ni ya kuanzia tu. Kazi yake ni Kimara hadi Posta na kurudi, Jumapili kanisani, basi.

Wiki mbili sasa, injini ikishapata moto, kwenye sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inagonga. Sio ile tik tik ya kawaida. Ni ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye geti la bati kwa kifundo cha kidole. Asubuhi ikiwa ya baridi sisikii, au nasikia kwa mbali sana. Nikikanyaga mafuta kidogo kelele inapungua. Kwenye foleni ya Ubungo bodaboda wananigeukia.

Fundi wa kwanza alisikiliza sekunde kumi akasema tapeti, yaani vile vikombe vinavyosukuma valvu, zipimwe. Wa pili akasema imenoki, beringi za konrodi (mkono wa pistoni) zimekwisha, nitafute injini nyingine. Wa tatu alikubaliana na wa pili ila akasema nimwage oili iliyomo, niweke nzito pamoja na ile dawa ya kopo, "utafika nayo Krismasi". Injini ya mtumba nimeambiwa milioni moja na laki mbili bila ya kufunga.

Hela hiyo sina. Nikiipata, sitaki kuitoa kwa kosa la mtu mwingine.

Chekacheka
Mkuu ongeza sauti ya redio. Mimi nimeenda na ya kwangu miaka miwili kwa staili hiyo. Nipo pale nimekaa, nasubiri wajuzi.

SpeaFasta
Injini 5A ipo, kavu, ya Japani, haijafunguliwa, na gia boksi yake. Njoo PM tuongee vizuri boss wangu.

Mzee wa Geji
Mlalahoi, leo usinunue kitu. Neno "imenoki" siku hizi limekuwa kama malaria ya zamani, kila homa inapewa jina hilo.

Wengi wanakimbilia kutafuta mlio unatoka wapi. Anza na lini. Konrodi iliyolika beringi inagonga zaidi ikibebeshwa mzigo. Shika resi kwenye 2,000 au 2,500 hivi, halafu achia mafuta ghafla. Pale inaposhuka ndipo inapojitangaza. Ikishafika hatua mbaya hata mlinzi wa getini anaijua. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda ni kinyume chake. Inagonga asubuhi, ikipata moto pistoni inatanuka, nafasi inapungua, mlio unafifia, na gari inaweza kuishi hivyo miaka mingi. Tapeti ni mlio mwepesi, wa juu, chini ya kava la valvu, na unakwenda nusu ya mwendo wa kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kwa sababu kamshafti, inayofungua valvu, inazunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili. Mein beringi, zile zinazobeba kranki, ni mlio mzito wa chini, unausikia kwa miguu kuliko kwa masikio.

Sasa wewe unasema ukikanyaga inapungua. Hapo ndipo pananisumbua. Konrodi haina adabu hiyo.

Nijibu haya. Oili inasoma wapi kwenye kijiti? Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa ya oili inawaka? (Isipowaka hapo, ujue balbu au waya umekufa, na wewe umekuwa ukijiona salama bure.) Ukiwasha AC mlio unabadilika? Na miezi hii mitatu gari iliguswa nini?

Mlalahoi110
Shikamoo mzee, asante kwa muda wako. Oili iko juu ya katikati ya kijiti. Taa inawaka kwenye swichi, ikiungurumishwa inazimika na hairudi. AC, ndiyo, mlio unabadilika, unakuwa wa kukwaruzana zaidi, sijui niuelezeje. Haijaguswa kitu, ni sevisi ya oili tu.

Kamanda 20W50
Fundi wa tatu yuko sahihi. Gari kongwe haitaki oili nyepesi. Weka nzito, kelele itakata, maisha yaendelee.

Mzee wa Geji
Kamanda, kelele kukata sio ugonjwa kuisha. Beringi mpya ya konrodi kwenye injini hizi ina nafasi ya oili kama 0.02 hadi 0.05 ya milimita. Ikishatanuka, oili nzito inajaza lile pengo na kupunguza mgongano, na wewe unapata ukimya wa wiki mbili huku shingo ya kranki inaendelea kuliwa. Sina ugomvi na oili nzito kwenye joto la Dar. Ugomvi wangu ni kuimwaga humo kabla hujapima, kwa sababu inakuharibia ushahidi.

Kamanda 20W50
Sawa mzee. Ila ya kwangu inatembea.

Makanika wa Changamwe
Salaam kutoka Mombasa. Nimefungua gari hizi tangu zile za 100. Ndugu yangu, kabla hujaamini habari ya konrodi, angalia ile sahani nyembamba inayobana kranki na konvata ya gia boksi. Gari ya otomatiki haina flaiwili nzito, ina sahani ya chuma tu, na hiyo hupasuka kuzunguka bolti za kranki. Ikipasuka hulia ko ko ko, na kumi wakisikia, tisa watakuambia beringi.

Niliwahi kuletewa gari ambayo mwenyewe alikuwa keshalipa makanika mwingine afungue sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Beringi zilikuwa safi zinang'ara, wakazifunga, gari ikawashwa, kelele ile ile. Tulipoteremsha gia boksi, sahani ilikuwa na ufa umezunguka karibu wote, imeshikilia kwa kipande kama ukucha. Mwenyewe hakuongea. Aliomba maji tu.

Kanyaga breki vizuri, weka D, kisha rudisha P. Kelele ikibadilika sana, mulika na tochi kwenye kale kadirisha kati ya injini na gia boksi.

Mzee wa Geji
Makanika amesema neno. Liweke akilini.

Jumamosi tafuta mtu mwenye geji ya presha ya oili, tena ya kufunga pale inapokaa swichi ya oili, sio ya macho. Ile taa kwenye dashibodi inawaka presha ikiwa imeshaanguka kabisa, kwa hiyo kuzimika kwake hakukwambii kwamba iko nzuri. Injini ikiwa ya moto, kitabu cha Toyota kwa jamii hii ya A kinataka isipungue 4.3 psi (kipimo cha presha) kwenye sailensi, na kwenye 3,000 iwe kati ya 36 na 71.

Kisha fanya jaribio la plagi. Injini ikiwa sailensi, kata silinda moja moja. Mafundi wanachomoa waya wa plagi. Mimi napendelea kuchomoa soketi ya injekta, maana hupigwi shoti na petroli mbichi haiendi kwenye ekzosi. Silinda ikikosa moto, pistoni haisukumwi chini kwa nguvu, basi konrodi yake haina cha kugongea. Ukikata namba 3 na kelele ikapoa, mgonjwa ni namba 3. Funga mikono ya shati, kaa mbali na mikanda.

Kitonga Express
Naomba kuchomekea hapo hapo. Mimi Toyota Mark II yangu nikipanda mlima Kitonga inalia kama njugu kwenye kikaango, tambarare kimya. Nayo imenoki?

Mzee wa Geji
Hiyo ni nyingine kabisa. Petroli inajilipua kabla ya wakati ikiwa na mzigo. Tazama joto la injini, masizi kwenye vichwa vya pistoni, plagi zisizo zake, na moto uliotangulizwa mno kama una distribyuta. Usiizoee, inatoboa pistoni. Fungua uzi wako nitakuja, huku tumwachie mwenye msiba.

Mlalahoi110
MREJESHO WA KWANZA.

Nimepata fundi wa nne, kijana mdogo, ana geji. Injini ya moto kabisa, feni imeshawaka mara mbili. Sailensi 14 psi. Kwenye 3,000 ikasoma 45. Tukarudia, namba zile zile.

Injekta: tukakata namba 1, injini ikatetemeka, kelele ikaongezeka. Namba 2, ikaongezeka. 3 na 4 hivyo hivyo. Hakuna hata moja iliyoipoza. Kijana akakuna kichwa.

Tukamwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Hakuna vumbi la kung'aa. Filta tukaichana kwa msumeno, tukaikunjua karatasi yake juani: nyeusi tu. Kijana akapitisha sumaku, nikamwambia nimesoma kwamba madini ya beringi hayanasi kwenye sumaku, yatazamwe kwa jicho. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyemsahihisha mwalimu.

D na P: hakuna tofauti kubwa. Kadirishani tumeona sahani nzima, ingawa haionekani yote.

Kwa hiyo mzee, ni nini? Maana sasa naogopa zaidi kuliko mwanzo.

Mama Spacio
Kaka usiogope, hizo namba ni nzuri. Ya kwangu ilisoma 3 kwenye sailensi ikiwa ya moto na hiyo ndiyo iliyokuwa imenoki kweli. Fundi alipotoa kifuniko cha konrodi beringi ilikuwa na rangi ya shaba, yaani tabaka la juu lote limekwenda.

Mzee wa Geji
Mama Spacio kasema vizuri. Konrodi nimeifuta kwenye orodha yangu. Presha iko, oili safi, na hakuna silinda iliyoipoza. Tena kelele *inaongezeka* ukikata silinda yoyote. Hilo ni jambo kubwa, lisome polepole. Ukikata silinda, kranki inaanza kwenda kwa kuruka ruka: inasukumwa, inalegea, inasukumwa. Kitu kinachogonga kinapenda kule kuruka ruka. Maana yake kuna kitu kizito kimefungwa kwenye kranki na hakijabana. Huko nyuma kuna sahani ya Makanika. Huku mbele je?

Ndiyo maana pia asubuhi ni kimya. Ikiwa ya baridi injini inakwenda 1,200 na zaidi, mapigo yanafuatana karibu karibu, kitu kinasukumwa upande mmoja tu. Ikipata moto inashuka 700, kila pigo linakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Mafundi wako waliona "ya moto inagonga" wakafikiria oili kuwa nyepesi. Sio wajinga, walisimama mapema tu.

Narudia swali langu la mwanzo ambalo hukulijibu sawasawa. Gari iliguswa nini?

Mlalahoi110
Mzee nisamehe. Sikuona kama ni kitu. Miezi miwili nyuma ilikuwa inavuja oili mbele, upande wa mikanda. Ikabadilishwa sili ya kranki, na kwa kuwa pameshafunguliwa nikaambiwa nibadilishe na mkanda wa taimingi. Ikatoka safi, haivuji hadi leo. Nikaiweka kwenye kundi la sevisi.

Makanika wa Changamwe
Haya. Sasa tumefika nyumbani.

Mzee wa Geji
Huwezi kubadilisha sili ile bila kutoa puli ya kranki. Umeona bolti yake ilivyofunguliwa?

Mlalahoi110
Niliona! Nilikuwepo. Aliweka spana ndefu kwenye bolti, akaiegemeza kwenye fremu chini, akaniambia nipige stata kidogo. Ikalia pwaa, ikafunguka. Nilimpongeza hata.

Mzee wa Geji
Na ujanja huo ni halali, nimeufanya mara nyingi. Injini hii inazunguka kulia ukiitazama upande wa puli, spana ikizuiwa stata inafungua bolti. Lakini stata haiwezi kukufungia. Wakati wa kukaza lazima uishike kranki isizunguke, kwa kifaa cha kushikia puli au kwa kuzuia meno ya ile sahani ya nyuma, halafu ukaze hadi nyutoni-mita 118. Kwa wasio na spana ya kupima, hiyo ni kama kuchukua bomba la mita moja na kuning'iniza kilo 12 mwishoni mwake. Fundi wako bila shaka alikaza mpaka kranki ilipoanza kuzunguka naye, akaona inatosha.

Na bolti ile haibani puli peke yake, inabana na giya ndogo ya mkanda wa taimingi nyuma yake. Ikilegea, puli inabaki kushikiliwa na ufunguo, kile kipande kidogo cha chuma kwenye mfereji wa kranki. Puli ni nzito, inavuta alteneta, pampu ya maji na AC. Inautwanga ufunguo kushoto kulia. Ndiyo ko ko ko yako, na ndiyo maana AC inaibadilisha.

Usiende kazini na hiyo gari kesho. Ufunguo ukikatika giya ya taimingi inabaki bila mlinzi.

Kabla hujafungua, fanya moja kwa faida ya wasomaji. Kijana wako ana tochi ya taimingi, ile inayomweka kila plagi inapowaka? Ibane kwenye waya wa plagi namba 1, umulike alama kwenye puli. Alama inatakiwa isimame kama imegandishwa.

Mlalahoi110
MREJESHO WA PILI. Nimekaa hapa gereji naandika mikono ikiwa na grisi.

Tochi: tumeunganisha TE1 na E1 (matundu ya soketi ya kupimia injini) kwa kipande cha waya, alama ikatakiwa ikae kwenye nyuzi 10. Wakuu, ilikuwa inacheza kama mtoto anayetaka kwenda chooni. Nane, kumi na tatu, tisa. Kijana akasema "hii siwezi kuipima". Nikamwambia zima, tumeshapima.

Tumetoa mikanda ya nje, tukawasha nusu dakika: mlio umepungua ila upo. Tumezima. Kijana akaweka soketi ya 19 na racheti fupi, ile ya mkono mmoja. Bolti ikazunguka. Hakukunja hata uso.

Puli imetoka kwa vidole. Mfereji wake umeliwa upande mmoja, umekuwa mpana kama tundu la kitufe. Ufunguo umebaki kama robo tatu, umechongeka ngazi. Mfereji wa kwenye kranki una alama, ila kijana ameuingizia ufunguo mpya na unakaa bila kucheza. Giya ya taimingi haina shida, alama zake bado ziko sawa na za juu.

Makanika wa Changamwe
Mshukuru Mungu kwa huo mfereji wa kranki. Ungelikuwa umeliwa huo, ni kutoa kranki au kuchomelea, na kuchomelea pale simshauri hata adui.

SpeaFasta
Puli ya 5A ipo. Elfu thelathini na tano.

Chekacheka
SpeaFasta hakati tamaa huyu 😂

Mlalahoi110
Nimeichukua kwake kweli, na ni nzuri, raba yake haina nyufa. Ufunguo mpya, bolti mpya, ufundi. Jumla laki moja na elfu kumi. Kranki tumeishika kwa kufungua kifuniko cha chini na kuzuia meno ya sahani kwa nondo, kisha bomba la mita moja na ndoo ya maji ya lita 12 tukaiazima kwa mama lishe wa jirani. Alitaka kujua kama tunapima maji au tunapima gari.

Mzee wa Geji
Maji lita 12 ni kilo 12, ndoo yenyewe ni nyongeza. Umefaulu. Ukitembea kilomita elfu moja mulika tena kwa tochi, alama ikitikisika hata kidogo fungua uangalie. Na weka alama ya rangi kwenye bolti na puli, utaona kwa jicho kama imesogea.

Mlalahoi110
MREJESHO WA TATU. Siku nne, Kimara hadi Posta, AC imewashwa, ko ko ko hakuna. Ubungo hakuna anayegeuka.

Ila sasa, kwa sababu pamekuwa kimya, nasikia kitu kingine. Ti ti ti ti, juu kabisa, nyepesi. Ipo asubuhi na ipo mchana.

Mzee wa Geji
Hiyo ni tapeti.

Mlalahoi110
Yaani fundi wa kwanza?

Mzee wa Geji
Alisikia kweli, ila mlio ule mwingine ulikuwa unaifunika. Injini hii haina tapeti za kujirekebisha zenyewe kwa oili, zina visahani vya unene tofauti juu ya vikombe. Ipimwe ikiwa ya baridi, yaani imelala usiku kucha, kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): valvu za kuingiza 0.15 hadi 0.25 ya milimita, za ekzosi 0.25 hadi 0.35. Iliyozidi ndiyo inayobadilishiwa kisahani, sio zote. Haina haraka, ila usiiache mwaka.

Mrudie yule yule. Na uende naye asubuhi, asije akapima ya moto.